Jua kali: jinsi ya kutunza nyasi za uani

Habari, na karibu. Kabla hujafungua bomba, tembea juu ya nyasi, kisha geuka utazame ulikopita. Unaona hapa? Nyayo zimebaki, majani hayainuki. Nyasi hizi zina kiu. Zingeinuka upesi, ningeacha bomba lilivyo.

Sasa maji. Wengi hunyunyiza kidogo kila jioni. Maji hayo hayashuki mbali, kwa hiyo mizizi nayo hubaki juu juu, palepale panapokauka kwanza. Afadhali umwagilie mara mbili kwa wiki, lakini udongo ushibe. Jumla iwe kama milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo. Utapimaje? Tega makopo matupu kama haya, fungua kinyunyizio, tazama saa. Maji yakifika milimita 12 hivi, dakika zilizopita ndizo muda wako wa kila zamu. Hakikisha kwa bisibisi ndefu: ikizama sentimita 15 bila kulazimishwa, maji yamefika. Yakianza kutiririka kwenda njiani, funga, yaache yanywee, kisha endelea.

Fanya hivyo alfajiri. Mchana mengi hupotea hewani, na usiku majani hukaa na unyevu muda mrefu, kuvu wakafurahi.

Tuje kwenye mashine ya kukatia nyasi. Pandisha kisu. Nyasi za maeneo ya baridi ziache na urefu wa sentimita 8 hadi 10, zitie udongo kivuli. Ukoka wa Bermuda huvumilia kukatwa chini zaidi. Kwa vyovyote, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Na noa kisu! Ncha hizi zilizochanika na kupauka ni kazi ya kisu butu. Vipande viache hapohapo.

Mbolea? Nyasi zilizodhoofishwa na joto usizitie. Subiri hali ipoe.

Zikigeuka kahawia, usikimbilie kupanda upya. Fukua kidogo, tazama kitako cha shina. Kikiwa cheupe na kigumu kama hiki, nyasi zimelala tu, hazijafa. Hapo chagua: uzimwagilie msimu mzima, au uziache zilale. Kuziamsha na kuziacha tena huzimaliza nguvu. Ukiziacha, zipe milimita 12 hivi kila baada ya wiki mbili au tatu, zisife kabisa, na mpira wa watoto uhamie kwingine mpaka zichipue.