Ukuta wa Chokaa Hautaki Saruji: Mhadhara Kuhusu Arlington Row

Ahsanteni. Picha iliyo nyuma yangu ni Arlington Row, safu ya nyumba ndogo za mawe katika kijiji cha Bibury, Gloucestershire, kando ya mto Coln. Uzuri wake sitausifia, maana William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alishakiita Bibury kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza. Mimi nataka mtazame maungio. Ndiyo, hayo hayo, mistari kati ya jiwe na jiwe.

Kwanza lilikuwa ghala. Lilijengwa mnamo 1380 hivi kuhifadhi sufu ya watawa, na karne ya 17 ndipo likagawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Kitambaa kilipelekwa kwenye kinu cha maji cha Arlington, kikapigwa mpaka nyuzi zikashikana, kisha kikaanikwa kwenye fremu za mbao katika kiwanja chenye majimaji kinachoitwa Rack Isle. Hayo mtayasoma wenyewe. Turudi ukutani.

Jiwe la Cotswold ni jiwe la chokaa, rangi yake ya asali. Litazame kwa lenzi: punje za mviringo zimebanana kama mayai ya samaki. Kati ya punje mna vijitundu, na vijitundu vinakunywa maji. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, upepo ukivuma unakauka. Mwashi wa zamani alilijua hilo, akayaachia maji njia ya kutokea. Aliunganisha mawe kwa chokaa na mchanga, kitu laini kuliko jiwe lenyewe, na unyevu ukatokea hapo. Chokaa ikichoka unaikwangua, unajaza nyingine, jiwe liko palepale.

Sasa anakuja mtu na mfuko wa saruji!

Niliwahi kusimama mbele ya nyumba moja ya mawe hayo hayo, kijiji sikitaji. Fundi alikuwa ameyajaza maungio yote kwa saruji, kazi safi, mistari imenyooka. Haikupita miaka mingi. Nikakuta saruji imesimama kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na mawe yamerudi nyuma, kila moja limeliwa katikati kama bakuli. Nikapitisha kidole, unga wa manjano ukanimwagikia kiganjani. Bibi mwenye nyumba akaniuliza, "Nimekosea nini? Si niliitengeneza?" Nilishindwa kumtazama usoni. Alilipa pesa yake, akauziwa ugonjwa.

Maji yaliyozibiwa njia ya maungio hutafuta nyingine, na iliyobaki ni uso wa jiwe. Majira ya baridi yakifika, maji hayo yanaganda humo ndani. Yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, uso wa jiwe unabanduka. Mwaka huu ganda moja, mwaka ujao jingine.

Kuna anayesema moyoni: lakini saruji ina nguvu zaidi. Ndiyo, na ubaya wake uko hapo hapo! Nyumba hizi zina misingi ya kina kifupi, zinacheza kidogo kidogo na ardhi. Chokaa inakubali kucheza nazo. Saruji inakataa, inapasuka, na kila ufa unafyonza mvua.

Mwingine atasema wazee walitumia chokaa kwa kuwa saruji hawakuwa nayo. Ni kweli, Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Wakati huo ghala la Bibury lilikuwa limeshasimama zaidi ya miaka 400. Lilikuwa linasubiri nini?

Na wa tatu, huyu nakutana naye kila ninaposema haya: huko kuna barafu, kwetu hakuna. Ndugu yangu, nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa kwa chokaa. Barafu hatuna, chumvi ya bahari tunayo. Ikikauka ndani ya jiwe inaota fuwele na kusukuma vilevile. Kule Uingereza, mwaka 1877 Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, na hadi leo chama hicho kinafundisha watu kazi ya chokaa. Huku kwetu mafundi wa chokaa wanazeeka, na vijana wa kuwarithi hatuwaoni wakipangwa nyuma yao.

Dakika zimebaki mbili na paa sijaligusa. Haraka basi: vigae ni mabamba ya jiwe la chokaa, makubwa ukingoni chini, yakipungua hadi madogo kileleni, yakitundikwa kwa vijiti vya mwaloni. Paa lina mwinamo mkali ili maji yakimbie. Kule Stonesfield, Oxfordshire, walichimba mawe wakayaacha nje yakiwa bado mabichi, wakayalowesha, baridi ya usiku ikayapasua kuwa mabamba. Baridi hiyo hiyo inayobandua ukuta uliozibwa ndiyo iliyowapasulia vigae.

Madirisha na mabomba ya moshi nayaacha. Lakini bibi yule aliniruhusu nichukue kipande cha ukuta wake, hiki hapa. Kipitisheni mkono kwa mkono, mguse saruji kwanza, halafu jiwe. Anayeanza kuuliza ni nani?