Haki ya Kukata Bolti

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, walimu wao na wenye gereji

Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi wanangu mliovaa ovaroli mpya huko nyuma, asanteni kwa kunipokea. Wakubwa, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mwanamke katika ufundi wa magari. Kila nikialikwa kwenye shughuli ya namna hii nategemewa niwatie moyo wasichana. Leo sitafanya hivyo. Binti aliyeamka saa kumi alfajiri kule Mbagala, akapanda daladala mbili, akaja kusomea injini wakati shangazi zake wote wanamwambia akasome ushonaji, moyo anao tayari. Kilichonileta ni ninyi wenye gereji mliokaa safu ya mbele, kwa sababu mafunzo kwa vitendo yakianza, hawa mtawapokea ninyi.

Naanza na tochi.

Aliyepita gereji anaijua kazi ya tochi. Fundi yuko chini ya gari, mwanafunzi anamulika. Mvulana anamulika mwezi, miezi miwili, halafu siku moja fundi mgongo unamuuma, anamwambia, "Hebu ingia wewe." Tangu siku hiyo kijana ameanza kazi. Mimi nilimulika miaka miwili. Nilikuwa nafungua tairi, nabadilisha oili, naosha vipuri, nakwenda dukani kununua gasiketi. Injini ikifunguliwa, narudi kwenye tochi.

Na fundi mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Hili nalisema kila mahali na bado watu hawanielewi, kwa hiyo leo nitalisema polepole. Yule mzee alinipenda. Aliniita mwanangu. Mama ntilie akileta chakula, sahani yangu ilitangulia. Mteja aliyenitolea maneno ya ovyo alifukuzwa na gari lake likiwa halijapona. Na kila niliposhika bolti ngumu, alikuja nyuma yangu akasema, "Lete mwanangu, utaumia," akaichukua spana mkononi mwangu. Kwa upole kabisa. Nami nikasema asante, maana nilifundishwa nyumbani kumshukuru mkubwa anayekupokea mzigo.

Nilianza gereji ile wiki moja na kijana mmoja wa rika langu. Mwezi wa tatu akakata bolti ya wota pampu kwenye Noah ya mteja. Ilikuwa imeshika kutu, akaivuta kwa pupa, ikalia tak! Kichwa kikabaki kwenye soketi, mwili ukabaki ndani ya bloku ya injini. Matusi aliyoyapata siku hiyo siwezi kuyarudia mbele ya walimu, na mteja alikuwa amesimama palepale. Lakini mzee alipomaliza kutukana alivuta kigoda, akamwambia, "Njoo hapa."

Wakakaa pale hadi magharibi. Akamwonyesha kupiga alama kwa senta panchi, katikati kabisa ya kisiki cha bolti. Akampa dirili, biti nyembamba kwanza, akamwambia usiegemee, iache ile yenyewe, ikihamia pembeni utakula nyuzi za bloku. Haikutoka. Wakachomelea nati juu ya kile kisiki, maana joto la kuchomelea hulegeza kutu, wakaiacha ipoe kidogo, kisha kijana akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mbele, nyuma, mafuta yakipenya, hadi ikatii. Aliitoa mwenyewe. Nilimwona alivyoiinua ile bolti akaitazama.

Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Hapa ndipo watu huniambia, si uliona? Si ndiko kujifunza? Hapana. Nisikilizeni. Bolti inapotaka kufunguka na bolti inapotaka kukatika zote mbili zinaanza kwa ugumu. Inayofunguka inaachia ghafla, inalia, halafu inakwenda. Inayokatika inalainika. Inakuwa kama inavutika, kama mpira, na asiyejua anafurahi, anadhani imeanza kutoka, anaongeza nguvu. Anayejua anasimama hapohapo, anarudisha nyuma, anapulizia mafuta ya kutu, anasubiri hata nusu saa. Tofauti hiyo haionekani kwa tochi wala haiandikiki ubaoni. Mwalimu, samahani, najua unaandika vizuri. Iko kwenye kiganja, na kiganja huijua baada ya kukata bolti kadhaa.

Nikamaliza, nikapata cheti, nikaajiriwa gereji nyingine. Wiki ya pili nikakata bolti ya kifuniko cha themostati. Hatua zote za kuitoa nilizijua kwa moyo. Nikapiga alama, nikashika dirili, na dirili ikahama, kwa sababu mkono wangu haukuwahi kuambiwa na chuma kwamba sasa unahama. Sehemu ile ni alumini, laini, nyuzi zikaliwa. Gari likalala siku nne. Mwenye gereji hakunitukana. Aliwaambia wenzake, nami nasikia, "Mnaona? Ndiyo maana nasema wanawake kazi hii hapana."

Yule kijana wa gereji ya kwanza, kwa hesabu yangu, alikata bolti saba mbele ya macho yangu. Zake saba zilihesabiwa kuwa uzoefu. Yangu moja ilihesabiwa kwa wanawake wote. Na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza huyu binti alifunzwa na nani na alifunzwa nini.

Kwa hiyo ninachowaomba si huruma. Huruma nimeipata ya kutosha, ndiyo iliyonichelewesha. Nawaomba mumruhusu aharibu. Waswahili tulisema mtoto akililia wembe mpe. Hatukusema mtoto wa kiume.

Najua mtakachosema: bolti ikikatika ni hasara, nani analipa? Analipa aliyelipa zile saba. Hasara ya kumfundisha mwanafunzi mmeshaizoea, mmeiingiza kwenye bei zenu bila kuiandika, na kila kijana mliyemtoa ameila. Sasa msiigundue leo kwa sababu anayejifunza ni msichana.

Mwingine atasema nguvu. Hili la nguvu limenichosha, lakini tulipige hesabu tulimalize. Nati za tairi za Toyota ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103, ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Ukitumia spana yenye mkono wa sentimita 25, unahitaji kuisukuma kwa zaidi kidogo ya kilo 40. Ukichomeka paipu mkono ukafika sentimita 50, unahitaji kama kilo 21. Kilo 21 ni ndoo ya maji ya lita 20. Wasichana wote waliomo humu wameibeba hiyo kichwani tangu darasa la tano, kutoka bombani hadi nyumbani, na hakuna aliyekuja nyuma yao akasema lete mwanangu utaumia. Na gia boksi ya Fuso hata kwenu haibebwi na mtu mmoja. Mnaiteremsha kwa jeki au kwa winchi, watatu, wanne. Wale waliobeba peke yao kwa kutafuta sifa wamo humu, tunawaona wanavyokaa kwenye viti. Mgongo hauna jinsia.

Kuna hadithi nyingine mnayopenda kunitolea, ya Pili Hussein wa Mererani. Mnaijua: mwanamke aliyeingia migodi ya tanzanaiti, mahali ambapo wanawake hawakuruhusiwa kushuka, akavaa kiume, akaitwa Mjomba Hussein, akachimba karibu miaka kumi chini ya ardhi bila kujulikana, akapata mawe, baadaye akawa na mgodi wake. Husimuliwa ili kuonyesha kwamba mwanamke akiwa jasiri anaweza. Ni jasiri, hilo halina ubishi. Lakini itazameni upande wa waliomzunguka. Mama huyu hakubadilika nguvu wala akili alipovaa suruali. Kilichobadilika ni kwamba wenzake walimwachia nyundo. Walimdhani mwanaume, wakamwacha achoke, akosee, ajifunze kama wao. Kwa maneno mengine, ili mwanamke afundishwe kazi ilibidi kwanza asijulikane kuwa mwanamke. Mimi hadithi hiyo hainifurahishi kama inavyowafurahisha. Inanikasirisha, na nasema hivyo kwa heshima yake.

Tena huko migodini kizuizi hakikuwa mazoea ya wachimbaji peke yake. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba, namba 45, uliokataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Uliandikwa kwa nia ya kuwalinda. Ni "lete mwanangu" ileile, ila imepigwa mhuri.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nitaharakisha.

Wateja. Wapo wanaofika, wananipita mimi na spana mkononi, wanamwuliza muuza vocha, "Fundi yuko wapi?" Mwenye gereji, dawa iko kwako. Mteja akisema hataki gari lake liguswe na binti, mjibu neno moja, ndiye fundi wa gari lako. Ukimpa mwanamume mwingine ili mambo yaishe, umemfundisha mteja, umemfundisha binti, na umewafundisha vijana wote waliosimama pale.

Ataolewa, atazaa, ataondoka. Ndiyo, wengine wataondoka. Vijana wangapi mmewafundisha wakaondoka kwenda kuendesha bodaboda? Mlisitisha kuwafundisha wavulana kwa ajili hiyo? Na uzazi una sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kwenye gereji hatari hiyo mnaijua: kuosha vipuri kwa petroli mikono mitupu, kushughulika na madini ya risasi ya betri. Shida ni kwamba gereji zetu nyingi mtu ni deiwaka, hana mkataba, leo yupo kesho hayupo. Sheria hiyo inamkuta wapi? Hapa ningependa tukae saa nzima. Wenye gereji, mkataba wa ukurasa mmoja hauwashindi.

Ovaroli. Zinashonwa kwa vipimo vya wanaume, binti anakunja mikono mara tatu, na mkono uliokunjwa ukifunguka karibu na belti ya feni, belti haitasubiri aukunje tena. Tafuteni fundi cherehani, ni kazi ya siku moja.

Choo chenye mlango na komeo. Sihitaji kueleza. Binti asiyekunywa maji kutwa nzima kwenye jua la Dar es Salaam kwa sababu hana pa kwenda atapungukiwa akili mchana, na mtasema hajui kazi.

Nilitaka pia tuzungumzie mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, na kwa nini vikundi vyetu vya kina mama vinasukumwa kwenye batiki na sabuni wakati kompresa na jeki ya gereji vingeweza kukopewa vilevile. Muda umekwisha. Mwenye kutaka anitafute nje, nitakuwepo mpaka jioni.

Jambo la mwisho ni la kazi. Walimu wamekubali niongeze ukurasa mmoja kwenye daftari la mafunzo kwa vitendo. Lile daftari, kama lilivyo, linauliza mwanafunzi "ameshiriki" kazi gani. Binti ameshika tochi siku ile, anaandika ameshiriki kufungua injini, fundi anasaini, mwalimu anasaini. Wote hawakusema uongo, na binti hajui kitu. Ukurasa wangu una safu tatu. Umefungua nini kwa mkono wako. Umefunga nini kwa mkono wako. Umeharibu nini, na nani alikaa na wewe mkarekebisha. Safu hiyo ya tatu ikirudi tupu baada ya wiki nane, sitamwuliza mwanafunzi. Nitakuja gerejini kwako.

Sasa maswali. Tuanze na fundi wa kofia nyekundu, safu ya mbele. Tangu nilipotaja tochi ulikuwa unatikisa kichwa, kaka yangu, na ningependa nikusikie wewe kwanza.