Ndege Hakukwaruza Gari Lako

Ndugu mwenyekiti, asante. Ndugu zangu wenye magari, na nyinyi mliokaa karibu na mlango mkisubiri nimalize, habari za saa hizi.

Nimeombwa nizungumzie alama za kinyesi cha ndege kwenye rangi ya gari. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini, na wanajua nitapandisha sauti katikati. Mtanivumilia. Nitaacha kulisema siku watu watakapoacha kuniletea magari waliyoyakwaruza kwa mikono yao huku wakimsingizia njiwa.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe, maana kila mtu anakiona na wachache wanakijua. Ndege hana njia mbili. Mkojo na choo vinatoka pamoja, tundu moja. Ile sehemu nyeupe ndiyo mkojo: figo zake hutoa taka zikiwa asidi ya yuriki, ujiuji mzito badala ya maji. Ile nyeusi au ya kahawia ndiyo choo. Sasa asidi ya yuriki ina tabia moja inayowaudhi wengi, haiyeyuki kirahisi katika maji. Ndiyo maana mvua inanyesha usiku kucha, asubuhi gari linameremeta, na doa jeupe liko palepale juu ya boneti. Mtu akikwambia "acha, mvua itaosha," mwulize imeshamwoshea mangapi. Mvua hulilowesha doa, hulitandaza kidogo, halafu jua likitoka linalikausha upya likiwa pana zaidi.

Na ile nyeusi haina nafuu. Ina vimeng'enya, vile vya kuvunja mafuta, protini na wanga tumboni, na vikishatoka nje vinaendelea na kazi. Watafiti wa rangi nchini Iran waliolichunguza jambo hili mnamo 2009 na 2010 walichukua pankreatini, yaani mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho, wakaitumia mahali pa kinyesi halisi, na ikaharibu rangi kwa namna inayofanana. Kwa hiyo wewe unayesema "nitamwagia magadi, asidi itakufa, basi," umejibu nusu ya swali.

Juu ya rangi ya gari lako kuna tabaka angavu, mafundi tunaliita klia. Ndilo linalong'aa, ndilo linalokinga rangi na jua. Kwa magari mengi ya kiwandani, klia ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mwako ni kama maikroni 70. Basi akiba yote ya kung'aa kwa gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja, na wewe unaikuna kwa ukucha. Lakini nisikimbilie huko, tumalize joto kwanza.

Bodi ya gari jeusi ikianikwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Klia ni aina ya plastiki. Ikipata joto inalainika na kutanuka, jioni ikipoa inajikaza. Sasa juu yake pakiwa na kinyesi kilichokauka kikasinyaa, klia inajikaza ikifuata umbo la kinyesi kile. Autoglym, kampuni ya Uingereza inayotengeneza dawa za kutunza magari, imelisisitiza sana hili: ule ukungu unaouona baada ya kuosha ni uso wa klia ambao haujalala tena sawasawa, na mwanga ukiupiga unarudi ovyo. Hakuna uchafu tena pale. Unaweza kuosha mpaka kesho, hutaosha umbo. Siku ya jua kali hayo yanatokea kwa saa chache tu. Siku ya baridi na mawingu una nafasi zaidi, lakini usiifanye wiki.

Sawa. Hayo ni ya ndege na ya jua. Sasa tuje kwako.

Kuna bwana mmoja aliniletea gari jeusi, zuri, analipenda kuliko jamaa zake. Juu ya boneti palikuwa na mikwaruzo iliyopinda, mingi, imekaa pamoja. Amekasirika. Anasema rangi ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ndege amekunya mara moja tu na hii ndiyo hali. Anataka kumdai aliyepiga rangi. Nikamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha nikamwomba asimame pale anaposimama siku zote akifuta gari, anyooshe mkono, afute hewani bila kugusa. Akafuta. Mkono ukapita juu ya mikwaruzo yake mmoja baada ya mwingine, mpindo uleule, upana uleule. Nikamwambia, mzee, ndege hana kiganja.

Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonileta mbele yenu: "Lakini kitambaa kilikuwa safi."

Kitambaa kilikuwa safi! Nani alikisema vibaya kitambaa? Shida ni kile kilicho chini ya kitambaa. Ndege hana meno. Wengi wao, hasa wala nafaka kama njiwa, humeza changarawe na mchanga makusudi, vikae kwenye firigisi visage chakula. Mliowahi kupasua firigisi ya kuku mnajua kilichomo. Changarawe hizo zinalika, zinakuwa ndogo, zinatoka kwa njia mnayoijua. Ongeza maganda ya mbegu, vipande vya wadudu, vumbi lililokuwa tayari kwenye boneti. Hayo yote yamegandishwa pamoja na ule weupe uliokauka. Ukiweka kitambaa chako safi juu yake, kikavu, ukasukuma, umeshika msasa. Na huusukumi kidogo, kwa sababu kimekauka na hakitoki, kwa hiyo unakaza mkono. Hasira nayo inakusaidia kukaza.

Najua mnachosema huko nyuma. "Mimi huwa natumia tishu, laini." Tishu ni karatasi, na karatasi ni nyuzi za mti. "Mimi hutema mate kidogo kwanza." Mate kiasi gani, ndugu yangu? Kulilowesha doa lililokauka kunahitaji maji ya kutosha na muda, na wewe si ngamia. "Mimi nina kitambaa cha maikrofaiba, nilinunua maalumu." Hongera, kina kazi nzuri sana baada ya kulowesha. Kikavu juu ya mchanga ni sawa na vitambaa vyote. "Mimi nilikwangua kwa kadi tu, taratibu." Wewe nikuone baada ya mhadhara.

Na kibichi je? Kimeanguka sasa hivi, kinateleza, si nikifute tu? Hapana. Changarawe ziko ndani ya kibichi vilevile. Mwagia maji kwanza, kiondoke na maji.

Kazi yenyewe ni nyepesi mpaka inachosha kuieleza. Gari lipeleke kivulini, boneti ipoe. Maji yakimwagwa juu ya bodi ya moto yanakauka kabla hayajafanya kazi, na yanaacha madoa yake. Chukua kitambaa au tishu nyingi, hapa tishu naikubali, loweka chapachapa, weka juu ya doa, uache. Usiguse. Dakika 10 hivi. Ukiona kinaanza kukauka, ongeza maji. Kama ni donge la siku nyingi, rudia. Maji ya uvuguvugu yanafaa zaidi, yanayochemka hapana. Kisha kamata donge kwa kitambaa kilicholowa, libane, linyanyue juu. Nasema juu, kama unayeokota kitu, usiburute kando. Kunja kitambaa, tumia upande mpya. Ukimaliza suuza, halafu osha sehemu ile kwa shampuu ya gari.

Mtu ataniambia hana dakika 10. Nani amekwambia usimame hapo? Weka kitambaa, nenda kafanye shughuli zako, rudi. Na kwenye buti weka chupa ya maji na vitambaa viwili, visafiri nawe. Hiyo ndiyo dawa ninayoipendekeza kuliko zote zinazouzwa kwenye makopo, na ndiyo maana wauzaji wa makopo hawanialiki.

Kulowesha kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kinyesi kikavu ukikikwangua kinatoa vumbi, nalo unalivuta. Katika kinyesi cha ndege mnaweza kuwemo vimelea wa magonjwa ya mapafu; sitakaa na kuwatisha, lakini yako na yana majina yake. Kikilowa hakirushi vumbi. Vaa glavu, nawa mikono.

Vitu vya kuacha, harakaharaka. Sabuni ya vyombo: inapunguza nta uliyopaka. Siki: unaongeza asidi juu ya asidi. Petroli na tina ya kupunguzia rangi: sina la kusema, anayetumia anajua anachotafuta. Magadi, hata yale ya kuokea mikate, yakiyeyushwa kabisa katika maji yanasaidia kidogo kwa ule weupe. Ukiyapaka yakiwa chengachenga umeongeza mchanga mwingine.

Naona mkono umenyooshwa pale, na najua swali kabla sijaulizwa: ndege wanapenda gari la rangi gani? Linaulizwa kila mahali. Haya. Mwaka 2012 kampuni ya Halfords ya Uingereza ilikagua magari zaidi ya 1,000 katika miji mitano, ikasema mekundu yaliongoza, asilimia 18 yalikuwa na alama, na ya kijani yalikuwa ya mwisho, asilimia 1. Magazeti yakafurahi. Watu wakaanza kuniuliza kama wabadili rangi. Jamani, hesabu ile haikusema gari liliegeshwa chini ya nini. Ndege anakunya pale alipokaa. Badala ya kuuliza rangi, inua macho kabla hujafunga mlango: kuna tawi? kuna waya? kuna nguzo ya taa? kuna ukingo wa paa wenye viota vya mbayuwayu? Kisha tazama chini. Kama sakafu ni nyeupe, umeshajibiwa, na bado unaegesha hapo kwa sababu pana kivuli.

Kuna wadudu pia, na hili ni la kweli na linanifurahisha. Kereng'ende hudanganywa na mng'ao wa magari mekundu na meusi, hudhani ni maji, hutaga mayai juu ya boneti, na bodi ikipata moto mayai yale hutengeneza asidi inayokula klia. Watafiti wa Brazili waliandika habari ya asidi hiyo mwaka 2000. Lakini nikiendelea na kereng'ende mwenyekiti atanitoa kwa nguvu.

Tayari ananionyesha saa. Nimebakiza mengi, nitayapitia mbio.

Alama iliyokwisha kuingia. Ukishaosha na ukungu ukabaki, kama ni hafifu joto la uangalifu huweza kuilegeza klia ikajirudisha: taulo la maji ya moto, au mashine ya hewa moto mikononi mwa anayeijua. Ikikataa, ni polishi. Polishi haijazi chochote, inakata klia mpaka usawa wa kishimo. Kwa hiyo kila polishi inakula ile akiba ya maikroni 40 hadi 50 niliyoitaja, na klia ikishakwisha inaanza kubabuka, hapo hakuna polishi tena, ni kupiga rangi upya. Fundi akianza kupiga mashine bila kupima unene wa rangi kwa kipimo, mwulize kwa nini. Alama ikiwa ndani sana, ishi nayo. Kishimo kidogo ni afadhali kuliko boneti iliyobabuka.

Kinga. Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti, au ya kutengenezwa kiwandani, paka mara kwa mara, inakununulia muda tu. Seramiki, ile dawa ya kupaka inayoganda ngumu juu ya klia, nayo ni muda, hata kama muuzaji alikuapia. Wenye seramiki ndio wanaoongoza kwa kuacha doa wiki nzima, wamelindwa, wanasema. Plastiki angavu ya kubandika ina unene wa kweli na inasaidia zaidi. Turubai ni zuri likipitisha hewa na gari likiwa safi. Ukilifunika juu ya vumbi, upepo ukalitikisa, tumerudi kwenye msasa. Bundi wa plastiki ndege humzoea, baadaye wanamkalia kichwani.

Yule ndege anayekuja kila asubuhi kukunya kwenye mlango wa gari lako hana chuki nawe. Anapigana na sura yake kwenye kioo cha pembeni, akidhani ni mpinzani. Vika kioo mfuko ukiegesha, atakwenda.

Na mliopiga rangi upya karibuni, nyinyi msinisikilize nusunusu. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi kama 140. Ya gereji huokwa kwenye nyuzi 60 hivi, au hukauka tu kwa hewa, na inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo kinyesi kinaingia upesi zaidi, na nta huwezi kupaka mpaka aliyeipiga akuruhusu. Basi kipindi hicho usiegeshe chini ya kitu chochote chenye mguu wa ndege, na ile chupa ya maji iwe kwenye kiti cha mbele, usiiweke kwenye buti.

Mwenyekiti, maswali. Yule wa kadi aanze.