Redio ya mkononi inunuliwe mwisho

Mbukwenyi! Wazee shikamooni, vijana mambo. Mwenyekiti kanipa nusu saa ila fundi redio akishashika maiki mnajua wenyewe, tunaanza na testing moja mbili tatu tunasahau hata kilichotuleta.

Nimeambiwa niongelee polisi wa jiji, redio zao za upepo zikizeeka wafanyeje. Jana nimemwambia jamaa mmoja hii mada akanijibu si wanunue mpya tu. Hapo ndo hela zinapopotelea, hapohapo.

Redio haizeeki kama tairi, tairi unaliona kipara. Redio ya analojia, ile ya kizamani inayorusha sauti kama ilivyo, inachakaa huku inaongea, leo mkoromo kidogo, kesho rudia rudia sijakupata, mwaka unaisha askari keshajiongeza mwenyewe kwamba ukifika kona ile panda juu ya jiwe ndo uite, au toa simu yako upige kwa vocha yako. Mkiona askari wa doria wanaitana kwa vocha zao basi mfumo ulishakufa zamani, kilichobaki ni cheti cha kifo tu.

Sasa ugonjwa wenyewe mara nyingi ni huu: anasikia lakini hasikiki. Kituoni kuna mtambo wa wati 50 na antena iko juu mlingotini, askari ana wati 5 na kaantena kafupi kamebanwa kiunoni, mwili wenyewe unameza mawimbi. Kituo anakipata safi kabisa, yeye akijibu, holaa. Watu wanasema redio mbovu hii, wanaenda kununua nyingine ya wati 5 ileile! Dawa haipo kiunoni, dawa iko mlimani. Ni ripita, inapokea kwa masafa haya inarusha kwa mengine kwa nguvu, na ukiweza unaongeza vipokezi pembezoni mwa jiji vya kudaka sauti za wanyonge, kile kilichodaka vizuri ndo kinachopelekwa kituoni. Na huko mlimani kuna umeme wa kukatika, kuna betri za akiba, kuna radi za masika. Hivyo havipigwi picha siku ya makabidhiano ndo maana vinasahaulika.

Angalieni hapa Dodoma. Antena ya mita 30 kwenye tambarare inaona kilomita kama 25, Mtumba ni kama 17 kutoka mjini, kwa hiyo kwenye karatasi tumemaliza. Karatasi haina mawe ya Mlimwa. Karatasi haina ghorofa za zege zilizoota tangu tuitwe jiji 2018, na VHF, yaani masafa ya chini, porini ni tamu ila ndani ya jengo UHF, masafa ya juu yake, mara nyingi inapenya vizuri zaidi, so inabidi ujue askari wako anashinda wapi.

Halafu dijitali, sauti inageuzwa namba kabla ya kurushwa. Wazungu wa Ulaya miaka ya 90 wakaja na mfumo wa TETRA, unapitisha mazungumzo manne kwenye chaneli moja ya upana wa kilohezi 25 tu, Wamarekani wana P25 yao, na ipo DMR ya bei nafuu kidogo, mazungumzo mawili kwenye 12.5. Marekani walilazimishwa, ilipofika 1 Januari 2013 chaneli pana za kilohezi 25 zikawa mwisho kwenye masafa mengi ya VHF na UHF, redio nzima kabisa zikatolewa kazini. Dijitali ina raha zake, mtu mwenye kiredio cha bei rahisi hakusikilizi ukiweka siri, ila ina tabia moja: inakuwa safi, safi, safi, kimya. Haikoromi kwanza. Askari alizoea ule mkoromo, ulikuwa unamwambia rudi nyuma hatua mbili.

Nilishaona kampuni moja ya ulinzi wamehamishia nusu ya redio dijitali Jumamosi jioni, nusu nyingine wakasema Jumatatu. Usiku kucha wenye za zamani wanasikia mlio kama nyuki, wenye mpya hawasikii kitu, mlinzi wa geti la nyuma akajua wenzake wamelala wote akaanza kuwatukana hewani 😂 Wangechukua zinazoongea lugha zote mbili, wakaanza na analojia kwanza watu wazoee vitufe, ndo wahame kanda kwa kanda, yasingewakuta.

Kwa hiyo kabla hata ya tenda, chukua redio mbili, ramani na bodaboda. Nenda Nkuhungu, Nzuguni, Iyumbu, ingia ndani ya majengo, shuka ngazi, hesabu mpaka kumi redioni mwenzako akisikiliza na ile nyingine, weka alama ulipopotelea. Siku tatu nne hivi. Ramani hiyo ndo inakwambia ripita ziwe ngapi, na redio za mkononi utajua mwisho kabisa.

Nimekuja nazo mbili hapa. Wewe kijana wa fulana nyekundu, ndiyo wewe, chukua hii, shuka nayo mpaka stoo kule chini huku unahesabu. Wengine nyamazeni kidogo tusikie anapotea kwenye ngapi.