Kupooza Karakana ya Uani Tanga: Anzeni na Bati

Asalaam aleikum, waungwana. Hamjambo mafundi?

Swali la leo ni hili: tufunge nini kwenye karakana iliyojitenga na nyumba, ili fundi amalize kazi ya Februari bila kutoka nje kila nusu saa kujipepea? Wengi mmekuja mkitarajia aina ya kiyoyozi. Kitafika zamu yake, lakini mwishoni, kwa sababu karakana nyingi za Ngamiani na Makorora tayari zina mtambo wa joto juu ya vichwa vya mafundi, tena hauna swichi. Ni bati.

Tupige hesabu. Karakana ni ya mita 6 kwa 5. Jua la mchana likiwa wazi linamwaga takriban wati 900 hadi 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Bati lililoshika kutu linanyonya sehemu kubwa ya hizo, na linaweza kufika nyuzi 65. Likifika hapo, linashusha joto kwa mionzi peke yake, kama wati 200 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa mita 30, unapata wati 6,000. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile cha farasi moja na nusu, kinaondoa wati 3,500. Kimeshindwa kabla hujakilipia.

Ndiyo maana karakana yenye bati jipya huvumilika kuliko ya jirani yenye bati la zamani, ingawa mabati yote mawili ukiyagusa yanaunguza. Uso wa bati jipya unang'aa, na uso unaong'aa hutoa mionzi michache. Ukishika kutu, unamwaga joto lote chini.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe ya paa. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari, acha pakauke, piga praima ya kuzuia kutu, kisha rangi mikono miwili. Anayeruka hatua ya kuosha chumvi ataona rangi inabanduka kama magamba, hasa upande wa Raskazone unaopokea upepo wa bahari. Na rangi nyeupe ikijaa vumbi na ukungu hupoteza nguvu, kwa hiyo ioshwe kila mwaka.

Dawa ya pili ni foili, ile karatasi ya alumini ya kufunga chini ya paa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Foili inazuia mionzi, na mionzi inahitaji nafasi ya hewa. Ukiigandamiza kwenye bati, joto linapita kwa kugusana na foili inapoteza sehemu ya kazi yake. Ifunge chini ya papi, yaani mbao zinazobeba bati, ikiachana na bati kwa milimita 25 au zaidi, uso unaong'aa ukitazama chini. Kwa nini chini? Uso unaotazama juu hushika vumbi, na ndani ya karakana ya seremala hauchukui muda kuzimika. Pandanisha vipande kwa sentimita 10. Acha mwanya wa sentimita 5 kwenye kofia ya paa na mwingine kwenye ukingo wa chini, hewa moto iliyo kati ya bati na foili ipate pa kutokea. Chagua foili iliyopakwa utando wa kinga, maana alumini tupu huliwa na chumvi. Ile yenye mapovu ya plastiki isikae juu ya meza ya kuchomelea wala grenda, kwa sababu inashika moto.

Kabla ya kugonga pini hata moja, zima umeme wa jengo. Australia, mwaka 2009 na 2010, kuna mafundi waliokufa kwa shoti wakifunga foili darini kwa pini za chuma. Foili yenyewe inapitisha umeme. Pini ikitoboa waya, foili yote inakuwa na umeme.

Kuna atakayeuliza kuhusu makuti. Makuti yanapooza vizuri kuliko bati, hilo halina ubishi, lakini cheche moja ya grenda inatosha. Kwa ofisi ya kupokea wateja, sawa.

Sasa upepo. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na upenu wa sentimita 60 hadi 90. Ukuta wa mashariki na wa magharibi unapigwa na jua la pembeni ambalo upenu hauliwezi, kwa hiyo madirisha makubwa yasikae huko. Bahati nzuri, kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki, na kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Madirisha yakitazamana kaskazini na kusini, pepo zote mbili zinapenya. Lakini yatazamane kweli: dirisha moja bila pa kutokea haliingizi kitu.

Upepo mdogo wa mita 2 kwa sekunde ukipita kwenye nafasi ya mita moja ya mraba unaleta kama mita moja ya ujazo kila sekunde. Joto linalopanda lenyewe, kwa tofauti ya nyuzi 4 na urefu wa mita 2.5, linavuta chini ya nusu ya hiyo. Tofali za matundu chini na luva juu ni vya siku zisizo na upepo. Ukiweka wavu wa mbu, ongeza eneo mara mbili, na uusafishe: vumbi la msasa linauziba kabisa.

Pangaboi halipozi hewa, linampoza mtu, kwa kukausha jasho. La inchi 56 linakula kama wati 75, maana yake likizunguka kwa muda wa saa kumi linakula robo tatu ya uniti. Mapanga yawe juu ya sakafu kwa mita 2.3 na chini ya dari kwa sentimita 30, la sivyo linazungusha hewa ile ile. Likianza kuzunguka kivivu, badilisha kapasita kwanza, maana motor mara nyingi haina kosa. Wakati wa kupiga rangi ya kupulizia lizimwe, kwa vumbi na kwa cheche.

Feni ya maji ni balaa kwetu. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 haiwezi kushuka chini ya nyuzi 27 kwa maji, tena inatoka imelowa. Dodoma, ambako hewa ni kavu, hewa ya nyuzi 30 inaweza kukaribia 20. Hapa utapata mbao zilizovimba, vifaa vyenye kutu na vanishi iliyoota weupe.

Kiyoyozi kina mahali pake: chumba kidogo kilichozibwa, cha kutengeneza simu au redio. Kwenye vumbi la mbao kichujio kinaziba, koili inaganda barafu, kisha maji yanadondoka mezani. Kitengo cha nje kisitazame bahari, na kioshwe kwa maji baridi kila mwezi. Ukikifunga, usivute umeme wa karakana kwa waya wa milimita 2.5 kutoka jikoni. Ampia 20 kwa mita 30 inapoteza karibu volti 11. Waya wa milimita 6 unapoteza kama 4.5. Weka boksi lake la breka, kinga ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, na fimbo ya athi ardhini.

Ndugu wa Lushoto, najua huko Julai mnataka kinyume cha haya yote. Dari na madirisha yasiyoziba mtayarekebisha, lakini jiko la mkaa ndani ya karakana iliyofungwa msithubutu. Gesi yake ya sumu haina harufu na inaua.

Sisi wa pwani joto la kuwasha tunalihitaji kabatini tu. Balbu ya zamani ya wati 15 ndani ya kabati la vifaa, mbali na karatasi na vitambaa, inapandisha joto nyuzi chache na kuzuia umande usikae kwenye randa na patasi. Balbu ya LED haifai kwa kazi hiyo, haina joto la kutosha. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vinataka zaidi: vikishafunguliwa vikae kwenye oveni ya nyuzi 120 au zaidi, na vilivyonyonya unyevu vikaushwe upya kwa nyuzi 260 hadi 430 kama alivyoandika mtengenezaji. Vile vya 6013 msivipandishe huko, ganda lake linaharibika.