Joto Linawahisha Miti, Haliinenepeshi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, wazee na kina mama, asanteni kwa kufika. Mmeniita niongee juu ya joto na miti. Nitapitia Marekani kwanza, maana huko walipima shina kwa shina.

Kwenye majimbo ya Virginia na Massachusetts watafiti walizungushia miti zaidi ya 400 mikanda ya chuma yenye springi. Shina likinenepa, mkanda unaachia, nao wanasoma kipimo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Miti ya huko hupukutisha majani baridi ikikaza, inachipua joto likirudi. Mwaka ambao joto liliwahi kurudi, miti nayo iliwahi kuanza kunenepa. Basi ungetegemea mbao ziongezeke, si ndiyo? Hazikuongezeka. Mti ulifikia kilele mapema, siku za kukua zikabaki karibu zilezile, na unene wa mwaka haukubadilika. Wakasoma pia pete za miti, ile mistari ya ndani ya shina inayoonyesha ukuaji wa kila mwaka, kutoka misitu zaidi ya 100. Nazo zikasema vilevile. Wanaotegemea misitu ile imeze hewa chafu ya kaboni zaidi kwa sababu tu majani yanatoka mapema, wapige hesabu upya.

Sasa tuje kwenye misitu yetu ya miombo. Huku mwanga wa mchana wa mwezi wa kumi na mbili unauzidi wa mwezi wa sita kwa saa moja na kidogo tu, na baridi yetu haiui jani. Kinachotawala ni maji. Lakini angalieni ajabu ya miti ya muputu na mutondo: mwezi wa tisa, udongo umekauka, mvua bado, nayo inavaa majani mapya mekundu! Maji inayatoa chini sana kwa mizizi, na mengine iliyaweka ndani ya shina. Hiyo ni akiba. Joto likipanda na mvua ikachelewa, majani machanga yanaendelea kuinywa na hakuna kinachoijaza. Kwa hiyo mimi kuwahi kwa majani hakunifurahishi hata kidogo. Na binkubala, viwavi wanaokula majani hayo, wanafuata kalenda ya mti, hawafuati ya kwetu.

Halafu kuna moto. Jirani hapa Ndola, Zambia, mwaka 1933 walianza kuchoma viwanja vya miombo kwa majira tofauti, wakaendelea miaka mingi. Penye moto wa mwanzo wa kiangazi, miti ilibaki. Penye moto wa mwishoni, majani machanga yakiwa yametoka na nyasi zimekauka kabisa, miti ilikwisha, pakawa nyasi. Palipolindwa kabisa na moto, msitu ulifunga, ukawa mnene.

Majani yakiwahi, na siku za kuchoma bila hasara zinapungua. Wewe unayechoma pori mwezi wa tisa utafute panya, ukisema babu yako alifanya hivyohivyo, babu yako alikuwa na kiangazi kingine.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa pale nyuma. Mkono wake uko juu tangu nilipotaja binkubala.