Kadi inaanzia kwenye mkunjo

Haya, asanteni kwa kuja mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mlioko kule nyuma, sogeeni mbele kidogo maana leo nina vitu vidogo vya kuonyesha na ukikaa mbali hutaviona.

Nimeombwa niongee kuhusu kadi za mkono, na najua wengi mmekuja mkidhani ntaanza na mapambo. Naanza na mkunjo. Mteja akiishika kadi yako kitu cha kwanza anafanya ni kuifungua na kuifunga, na kama mkunjo umepasuka au pembe hazikutani basi hata ungebandika dhahabu pale juu atairudisha mezani na kuondoka, nimeona mara nyingi hapa Jinja na Kampala pia.

Sasa karatasi ina nyuzi na nyuzi zake zimelala upande mmoja. Chukua manila uipinde taratibu bila kuikunja, kwanza urefu halafu upana, kuna upande itakubali na upande itagoma. Ule uliokubali ndo unakunjia. Ukikunja ule mwingine inapasuka, inatoa manyoya meupe, hapo umeshaharibu. Halafu usikunje kwa kidole tu, weka rula, pitisha biro iliyoisha wino mara moja au mbili ili uache mfereji, ndo ukunje. Biro zilizoisha msitupe jamani, hicho ni kifaa cha kazi.

Mapambo tunayo hapa kwetu. Byayi, yale maganda makavu ya mgomba, yapo kila shamba, na rangi zake zinatofautiana, kuna ya asali, kuna ya kahawia hadi inakaribia nyeusi, yani unaweza kuchora kikapu au nyumba au mama amebeba mtungi bila kutumia rangi yoyote ya dukani. Chukua yaliyokauka yenyewe kwenye shina, usichukue mabichi, utomvu wa mgomba ukigusa karatasi doa halitoki. Yapanguse vumbi, yapige pasi ya moto mdogo na karatasi juu yake, halafu uyakaushe tena. Tena!

Hapa nawaambia kitu kilichoniuma. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, mvua kila siku, nilipata oda ya kadi 60 za harusi. Nilikuwa na haraka, byayi nikaziona kavu nikabandika, nikafunga kadi kwenye nailoni nikapeleka. Baada ya wiki bibi harusi ananipigia simu sauti imekauka, anasema dada, kadi zimeota ukungu. Nikaenda nikaziona, vidoti vyeusi mpaka kwenye maandishi. Yule binti hakunigombeza, alikaa tu anaziangalia, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Nilitengeneza zote upya kwa pesa yangu, usiku kwa usiku. Tangu siku hiyo byayi zangu nikishapiga pasi zinakaa siku tatu karibu na jiko la makaa, na kadi haiingii nailoni kabla gundi haijakauka usiku mzima chini ya vitabu vizito.

Lubugo nayo inapendeza sana, lile gome la mti wa mutuba linalogongwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa laini kama kitambaa, UNESCO walilitambua mwaka 2005 na wageni wanalipenda. Lakini mwulize mteja kwanza. Buganda lubugo inavaliwa kwenye sherehe kubwa za ufalme na pia wafu wanavikwa hiyohiyo, kwa hiyo kuna mzee ukimpa kadi ya harusi yenye lubugo moyo wake hautatulia.

Bei. Tuseme manila ya saizi A1 umenunua 2,000, inakupa vipande 16 vya A5, kila kimoja ukikikunja ni kadi moja, hapo ni shilingi 125. Bahasha 300, gundi na byayi tuseme 200. Jumla 625, na wengi wanaishia hapo wanauza 1,500 wanafurahi. Na zile dakika 20 ulizokaa umeinama? Kama saa yako moja ni 3,000 basi dakika hizo ni 1,000, kadi imekugharimu 1,625, umemlipa mteja 125 ili achukue kadi yako! Mkono wako uhesabuni banange. Kadi za kwanza za Krismasi kuuzwa, kule London mwaka 1843, zilichapwa kama 1,000 hivi na kupakwa rangi kwa mkono, ziliuzwa shilingi nzima ya Kiingereza kila moja na wakati ule hiyo haikuwa pesa ndogo.

Na ndani acheni wazi. Mzee mmoja alikuja kwangu anatafuta kadi ya pole ya kumpelekea mdogo wake aliyeko kule Arua, aliyefiwa na mke, dukani kapata za Kiingereza tu zenye maua mengi. Akaniambia mwanangu, usiweke ua. Nikambandikia uzi mmoja wa byayi, wa kahawia, kutoka juu mpaka chini. Akaomba kalamu, akakaa pale kwenye benchi karibu nusu saa, kisha akaandika, "Pole ndugu yangu, niko nawe." Mkono ulikuwa unatetemeka na herufi zimepinda, na mimi sijawahi kutengeneza kadi nzuri kuliko ile. Ningekuwa nimeshaijaza maneno yangu angeandika wapi?

Haya, kila mtu achukue kipande kimoja cha manila na biro iliyoisha. Msikunje bado, kwanza ipindeni muone nyuzi zimelala wapi.